Ruzuku ya nyumba: mwenye nacho aongezewe?

KARATU – Siku ya mnada, mkulima wa vitunguu kutoka Mang'ola akishauza magunia yake hupitia duka la vifaa vya ujenzi kabla ya kupanda gari la kurudi Bonde la Eyasi. Bei ikiwa nzuri, huondoka na bati au mifuko michache ya saruji. Ikianguka, msingi wa nyumba yake husubiri msimu mwingine, majani yakiota katikati. Katika hesabu hiyo hakuna benki, na Serikali haimo.

Hivyo ndivyo Watanzania walio wengi wanavyojenga: tofali kwa tofali, kwa fedha taslimu. Ndiyo maana swali la nani apewe ruzuku ya kununua nyumba lina uzito hata wilayani Karatu, ambako wananchi wengi hawajawahi kuliona fomu la mkopo wa nyumba.

Kwanza, ruzuku ni nini? Si lazima iwe hundi kutoka Hazina. Serikali ikimpunguzia mtu riba, ikimsamehe kodi, au ikimuuzia nyumba chini ya bei ya soko, tofauti ile ni ruzuku, na inalipwa na walipa kodi wote, akiwemo mkulima wa vitunguu anaponunua bati zake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Serikali inaamua kubeba asilimia 5 ya riba kwa kila mwenye mkopo wa nyumba. Mwalimu ambaye mshahara wake unamruhusu kukopa Sh. milioni 10 anaokoa Sh. 500,000 kwa mwaka. Mkurugenzi aliyekopa Sh. milioni 100 anaokoa Sh. milioni 5. Mkulima asiye na hati wala hati ya mshahara anaokoa sifuri. Kanuni ni moja kwa wote watatu, lakini fedha zimekwenda zilikokuwa tayari.

Historia yetu inaonyesha hivyo hivyo. Benki ya Nyumba ilianza kazi mwaka 1973 kwa nia ya kumsaidia mwananchi wa kawaida. Masharti ya mkopo, yaani hati, ramani na kipato cha uhakika, yaliwachuja wanyonge mlangoni. Benki yenyewe ilifilisika mwaka 1995. Mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulilenga wenye kipato kidogo huko Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, Dar es Salaam. Leo asiyejua atembee Mikocheni aone ni nani anayeishi huko.

Lakini mfano mkubwa zaidi ni uuzaji wa nyumba za Serikali ulioanza mwaka 2002, Benjamin Mkapa akiwa Rais na John Magufuli Waziri wa Ujenzi. Kupitia Wakala wa Majengo, nyumba zaidi ya 7,000 ziliuzwa kwa watumishi wa umma. Wapo watumishi wa kawaida mikoani waliopata nafuu ya kweli, na si haki kuwasahau. Hata hivyo, kelele zilitokana na nyumba za Oysterbay na Masaki, ambako kiwanja peke yake kilikuwa mali. Kadiri cheo kilivyokuwa kikubwa ndivyo nyumba ilivyokuwa nzuri zaidi, na ndivyo punguzo lilivyokuwa nono zaidi.

Wanaotetea ruzuku kwa wenye kipato kikubwa wana hoja. Wanasema mtaalamu akikosa nyumba atahama, na kwamba tajiri akijenga, fundi hupata kibarua. Hoja ya fundi ni kweli. Karatu inaishuhudia kila hoteli mpya inapopanda. Tatizo ni kwamba mwenye fedha angejenga hata bila kusaidiwa. Ruzuku inamwezesha tu kuongeza dau. Tangu lami kutoka Makuyuni ifike lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, viwanja vya kando ya barabara vinagombewa. Penye viwanja vichache vilivyopimwa, fedha zaidi mikononi mwa wanunuzi hupandisha bei tu, na anayefaidi ni muuzaji.

Wenzetu nao wamejifunza. Uingereza ilifuta nafuu ya kodi kwa riba ya mikopo ya nyumba mwaka 2000. Kenya bado inayo, ingawa kwa kikomo. Lakini mikopo ya nyumba nchini humo mwaka 2023 ilikuwa yapata 30,000 tu. Hapa kwetu, nchi ya watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, haikufika hata 10,000.

Ukipanda mlima kuingia Ngorongoro, hesabu inageuka. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1959, Wamaasai wakiruhusiwa kubaki na mifugo yao, lakini kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975 na ujenzi wa kudumu unabanwa. Mfugaji hana hati ya kuweka rehani, hata akiwa na ng'ombe mia. Kuanzia Juni 2022 Serikali ilimletea nyumba ya bure: vyumba vitatu, kiwanja cha ekari mbili na nusu na shamba la ekari tano. Sharti lake ni ahamie Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema kuhama ni kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wa haki za binadamu wamepinga kwamba hiari hiyo ina mashaka.

Kigogo wa Oysterbay alipunguziwa bei akabaki palepale alipokuwa akiishi. Mfugaji wa Ngorongoro anapewa nyumba nzima, kwa bei ya kuondoka.

Ikiwa bajeti ina fedha za nyumba, Karatu ina pa kuzipeleka bila kumuuliza mtu mshahara wake: kupima viwanja, kuchonga barabara za mitaa, kufikisha bomba la maji. Tajiri naye atayatumia maji hayo, lakini hatapata mara kumi ya jirani yake. Na ikilazimu kutoa nafuu ya riba, iwekewe kikomo cha kipato na cha thamani ya nyumba, na majina ya waliopata yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri.