Maji Yanayokula Mawe

Wenzangu, ni mara ngapi hapa Nakuru tumemcheka mtu mwenye meno ya kahawia tukidhani hapigi mswaki? Mimi nimechekwa sana, basi nikatafuta sababu. Nimeikuta kwenye mawe.

Mvua ikinyesha kwenye kingo za Bonde la Ufa, maji huzama katika nyufa. Huko chini joto la volkeno huyachemsha, yakapanda tena. Lakini hayarudi mikono mitupu! Huyeyusha madini ya mwamba, nao mwamba hugeuka udongo laini, kama ule tuuonao penye mvuke kule Eburru na Olkaria.

Baharini ni vivyo hivyo. Maji ya chumvi huingia katika nyufa za sakafu ya bahari, huacha magnesiamu mwambani, hutoka na kalsiamu na chuma. Mwaka wa 1979, katika Bahari ya Pasifiki, wanasayansi waliyaona yakifuka meusi kama moshi, yenye joto la nyuzi 350 hivi za Selsiasi.

Kwetu kalsiamu ni haba, nayo ndiyo ingeishika floridi ikaganda. Kwa hivyo floridi hubaki majini, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajengeka, hupata madoa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, chujio la mkaa wa mifupa huipunguza.

Basi ukiyaona meno yangu, usicheke. Si uchafu huo. Ni mwamba ulioyeyuka.