Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Sanaa kwa Meza Nne

Nafundisha sanaa za mikono Dar es Salaam, katika karakana yenye meza nne: ya kuchonga na kufinyanga, ya kusuka, ya rangi, na ya kuunganisha vitu vya aina mbalimbali. Vijana wengi hufika wakiitaka meza moja tu, mara nyingi ile ya rangi, kwa kuwa wameona picha za Tingatinga zikiuzwa. Siwavunji moyo. Lakini kila mmoja hupita meza zote kabla ya kuchagua, kwa sababu nimeshuhudia mara nyingi kijana akikwama kwenye picha, kisha akafunguka siku aliposhika patasi au ukindu.

1. Sabuni kwanza, mti baadaye

Kila anayeanza kuchonga anautaka mpingo. Namwelewa, maana vinyago vya Wamakonde ndivyo alivyokua akiviona. Ila mpingo ni mzito hata kipande chake huzama majini, huchukua miongo ya miaka kukomaa, na ugumu wake humchosha mgeni kabla hajaona umbo lolote likitokea. Mti wa namna hiyo haufai kuharibiwa kwa majaribio. Tunaanza na sabuni ya mche na kisu kidogo, na makombo tunafulia matambara ya karakana.

Kwenye sabuni nafundisha sheria moja: pua iachwe kubwa, macho yaachwe madogo. Pua kubwa utaipunguza, jicho dogo utalitanua. Ukianza kinyume, huna pa kurudi. Kijana aliyezoea kufuta kwa raba hushtuka. Huanza kukizungusha kipande mkononi, kukitazama ubavuni na kisogoni, na kufikiri kabla ya kukata.

Baada ya hapo nampa gogo la mwembe. Hapo anakutana na nyuzi za mti. Patasi ikizifuata, inakata vizuri. Ikienda kinyume nazo, inang'oa bonge zima. Maelezo yangu hayafundishi jambo hilo haraka kama mlio wa mti wenyewe, kwa hiyo huwa nanyamaza na kusikiliza pamoja naye. Ninachosisitiza bila kuchoka ni kunoa. Patasi butu humlazimisha mtu kutumia nguvu, na nguvu ndiyo inayoifanya iteleze hadi kwenye kidole.

2. Udongo una kumbukumbu ya uzembe

Udongo ni mpole mikononi, tofauti na mti: unaongeza, unapunguza, unarudia. Hukumu yake huja kwenye moto. Ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili hupasuka, na unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke na kukilipua chombo. Nawaonyesha picha za vyungu vya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye hujenga vyombo vyake kwa mkono bila gurudumu na kuvisugua hadi ving'ae. Wanafunzi huuliza kwanza bei. Nawajibu watazame shingo ya chungu na jinsi ilivyosimama.

3. Kusuka ni kupanga mapema

Hii ndiyo meza inayodharauliwa zaidi, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wavulana huikwepa wakisema mikeka ni kazi ya kina mama. Siku hizo naleta dema, mtego wa samaki uliosukwa kwa vipande vya mianzi, nauweka katikati ya chumba na kuwauliza nani aliusuka. Wanajua ni wavuvi, baba na babu zao wengine. Nawaomba wahesabu pembe za kila tundu. Ni sita, na zimerudiwa kila mahali bila rula. Ubishi huisha hapo, na mikono huanza kazi.

Ukindu huanikwa juani, huchanwa, huchemshwa na rangi, kisha hulowekwa kidogo ili usikatike unaposukwa. Ukili husukwa mrefu kwanza, ndipo unashonwa ukili kwa ukili hadi mkeka utimie. Maana yake ni kwamba msukaji anaibeba picha nzima kichwani wakati mikononi ana utepe mwembamba tu. Rangi ikikosewa mwanzoni, kosa linatembea urefu wote. Mama mmoja wa Pemba, aliyekubali kuja kutufundisha, hakuchora chochote kwenye karatasi. Wanafunzi walipomuuliza, "Mama, unajuaje ua litaangukia wapi?" aliwaambia wahesabu pamoja naye kwa sauti. Wakahesabu. Tangu hapo nilibadilisha namna ninavyofundisha mpangilio wa picha: siku hizi nauanzia kwenye kuhesabu na kurudia, halafu ndipo tunafika kwenye mistari na nafasi.

4. Rangi haina sura moja

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa za baiskeli, kwenye vipande vya mraba vya hadibodi. Akafariki mwaka 1972, na mtindo ukaendelea mikononi mwa jamaa na wanafunzi wake. Vijana hunakili twiga na ndege wake, lakini mimi nataka waone rangi ile ilivyomwongoza: inafunika, inang'aa, na ukitaka mistari safi lazima ungoje ikauke. Uwazi wa picha zile umetokana na kifaa pamoja na jicho.

Zoezi langu la kwanza linatumia kanga. Tunakata kipande kimoja chekundu, tunakiweka juu ya karatasi ya kijani kibichi, kisha juu ya karatasi ya machungwa. Wekundu ule ule unawaka pale na kupoa hapa. Mwanafunzi huapa kwamba nimebadilisha kitambaa. Nampa akishike mwenyewe.

5. Gundi isiwe jibu la kila kitu

Kwenye meza ya vitu mchanganyiko, kishawishi ni kubandika. Kandambili za ufukweni, vizibo, vitenge, waya, vyote vinamwagiwa gundi na baada ya wiki vinaanguka. Hapa nimeweka masharti: vitu vya aina mbili tu kwa kazi ya kwanza, na viungwe kwa kushona, kufunga, kukunja au kupachika. El Anatsui wa Ghana, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, huunganisha vizibo na vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, na ndiyo sababu kazi zake kubwa hukunjwa kama kitambaa na kutundikwa upya kwa sura nyingine.

Rosemary Karuga wa Kenya yeye aliitumia gundi, lakini kwa nidhamu. Alisomea Makerere, ambako uchongaji ulikuwa sehemu ya masomo yake, akafundisha shule kwa miaka mingi, na baadaye akatengeneza picha kwa karatasi zilizochanwa, zikiwemo pakiti za unga na sabuni. Nikitazama wanyama na watu wake naona jinsi vipande vilivyopangwa kufuata mwili. Mkono ule ulikuwa umeshajua umbo.

6. Waseme wanachokiona

Kazi ikikamilika tunaizunguka. Marufuku kusema "nzuri" au "mbaya" mwanzoni. Kila mtu ataje kitu anachokiona. Wenye aibu hupata pa kuanzia.

7. Jambo moja, meza zote

George Lilanga alianza kama mchongaji wa Kimakonde. Alipokuwa katika kituo cha Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, alifanya kazi za batiki, za mabati na za rangi, na mashetani wake wale wale wenye masikio makubwa walimfuata kila alikohamia. Kwa kumtazama yeye nilipata zoezi la kumalizia mwaka: kila mwanafunzi achague kitu kimoja na kukipitisha meza zote nne. Aliyechagua kuku aligundua kwamba kwenye mti miguu haibebi mwili, akampunguza miguu na kumkalisha. Kwenye ukili akabaki na rangi za manyoya tu, bila kichwa. Aliporudi kwenye rangi alimchora amekaa, mzito, manyoya yake yamepangwa kwa mistari ya ukili. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa akinakili kuku wa kadi za watalii.