Fidla ya Pesa za Upatu

Zamu ya upatu ilipomfikia mama, majirani walidhani atanunua friji. Akaninunulia fidla. Nikasema "ahsante, mama" mara moja, nikatoka mbio kuwaringia wenzangu, na mwezi haujaisha nilikwisha kuisahau kwenye kiti cha gari lililoegeshwa juani. Shingo ikaanza kuachia. Mama hakunigombeza. Aliizongoa kanga, akaiviringishia fidla kama mtoto mchanga, akauliza fundi anakaa wapi.

Nawaandikia vijana mnaojifunza fidla, udi au ganuni kwa ala mlizonunuliwa na wazee wenu. Zamani Unguja jambo hili halikuwa la kila nyumba: klabu ya taarab kama Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, ilikuwa na ala zake. Siku hizi vijana husoma muziki darasani pia. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza 2002. Na mwalimu akishasema "fanya mazoezi kila siku", ombi linamfikia mzazi.

Kabla ya kuomba, pima. Fidla zipo za robo, nusu, robo tatu na kamili, na nyingine ndogo zaidi. Iweke begani, nyoosha mkono wa kushoto. Kiganja kifike kwenye kichwa cha fidla na vidole vikizungushe bila kujikaza. Mzazi asinunue kubwa kwa kusema mtoto ataikulia. Hiyo ni hesabu ya sare za shule. Kwa fidla mtoto ataumia kifundo cha mkono na kuacha. Na kama shule au klabu inaazimisha ala, azima kwanza, mzazi aone kama hamu ya mtoto itavuka msimu mmoja.

Ukishanunuliwa, shukrani inaanza na joto. Mbao za fidla kwa kawaida huunganishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevunyevu. Imefanywa hivyo kwa makusudi, ili fundi aweze kuifungua na kuitengeneza. Basi usiiache garini wala dirishani. Ndani ya kasha tia vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, masika vinasaidia. Ukimaliza kupiga, legeza upinde, kisha futa kwa kitambaa kikavu ule unga mweupe ulioanguka chini ya nyuzi. Ukiachwa, hugandamana na vanishi.

Nyuzi zibadilishe mmoja mmoja. Ndani ya fidla, karibu na mguu wa kidaraja, kimesimama kijiti kidogo kisichogundishwa popote. Kinashikiliwa na mkazo tu. Ukifungua nyuzi zote nne kwa pamoja, kidaraja kinalala, na kijiti kinaweza kuanguka. Utakisikia kikigongagonga humo ndani. Usijaribu kukichokoa kwa waya, mpelekee fundi.

Mwenye ganuni ana kazi kubwa zaidi. Ya kawaida ina nyuzi 78, tatu kwa kila sauti, na kidaraja chake hukalia vipande vya ngozi. Ngozi hunywa unyevu, nyuzi zikashuka, nawe ukalazimika kuanza upya kuzilinganisha. Ifunike kila unapoiweka, hata kama utarudi baada ya sala.

Sasa maneno. Wazazi wengi hawajui waya mmoja unagharimu kiasi gani, wala kwa nini umekatika tena. Waeleze mapema, kwa upole, kabla haijafika siku ya onyesho. Wapigie wimbo wanaoupenda wao, si mazoezi ya ngazi za sauti wanayoyasikia kila jioni kupitia ukutani. Maana kuvumilia makelele yale ni zawadi ya pili, na haina risiti. Ukiweza, bana kibanio cha nguo cha mbao taratibu juu ya kidaraja. Sauti itapungua, baba alale.

Ukianza kuitwa harusini, ujira wa kwanza nunulia nyuzi. Na ile fidla ya nusu iliyokwisha kukubana usiigawe kwa rafiki bila kuuliza. Ifute, ifunge nyuzi zote nne, mrudishie aliyeinunua. Yeye ndiye atakayejua ni mtoto gani wa ukoo anayefuata.