Kuandaa DALF C1 ukiwa na darasa, nyumba na watoto

Katika kitivo cha lugha si wanafunzi wote wanaoishi maisha ya mwanafunzi. Wengine hufundisha sekondari asubuhi, hufuata kozi mchana, na jioni hurudi kwenye nyumba yenye watoto, wageni wa ukoo na bukari inayongoja kupikwa. Hao ndio wanaouliza mara kwa mara namna ya kuandaa mtihani wa DALF bila kuacha kazi wala kuitesa familia. Vitabu vya matayarisho vimeandikiwa mtu mwenye meza yake, umeme usiokatika na jioni tulivu. Makala haya ni kwa wale wengine.

Kwanza tuujue mtihani wenyewe. DALF ni diploma ya Kifaransa inayotolewa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa. Ina ngazi mbili, C1 na C2, ambazo ndizo za juu kabisa katika ngazi sita za mfumo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001. Ukiipata haikwishi muda, tofauti na vyeti vinavyozeeka baada ya miaka miwili. C1 ina sehemu nne: kusikiliza (dakika 40 hivi), kusoma (dakika 50), kuandika (saa 2 na dakika 30) na kuongea (dakika 30, baada ya saa 1 ya kujitayarisha). Kila sehemu ina alama 25. Unapita ukifikisha 50 juu ya 100, mradi usipate chini ya 5 katika sehemu yoyote.

Ukianguka, unarudia sehemu zote nne na unalipa upya. Jambo hili lifikiriwe kabla ya kujiandikisha, maana pesa hiyo inatoka katika mfuko uleule unaolipa minerval ya watoto. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu mwenye familia lihusu alama: zimelala wapi, na nitazifikia kwa dakika chache nilizo nazo?

Chukua mwalimu wa Kifaransa mwenye miaka sita darasani. Kusoma kunampa alama 17 au 18 bila shida kubwa. Kuongea mbele ya watu ni kazi yake ya kila siku. Udhaifu wake uko katika kusikiliza na katika sintezi. Hata hivyo, jioni akichoka, atafungua kitabu cha sarufi, kwa sababu sarufi anaijua na inamfariji. Huko ni kupumzika, na kupumzika si kubaya, lakini asikuhesabu kama saa ya masomo. Afanye mtihani mmoja wa zamani kikamilifu mwanzoni, hata kama utachukua Jumapili mbili, ajisahihishe bila huruma, kisha robo tatu ya muda wake aipeleke kwenye sehemu mbili zilizompa alama ndogo.

Dakika ndogo hazidharauliwi

Watu wa kazi hujilaumu kwamba wana vipande vya muda tu, dakika ishirini hapa, kumi na tano pale. Kuhusu kumbukumbu, vipande hivyo vina faida. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Kwa mfululizo wa silabi 12, marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimletea faida sawa na marudio 68 yaliyofanywa kwa siku moja. Mwenye siku nzima Jumamosi anaweza basi kushindwa na mama mwenye dakika ishirini kila asubuhi kabla watoto hawajaamka.

Inabaki kujua dakika hizo zifanye nini. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini za kusoma: wengine walizisoma tena, wengine walifunika na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Fundisho lake kwetu ni la kila siku: soma aya moja ya gazeti, geuza ukurasa, andika hoja zake kwa maneno yako, kisha fungua ulinganishe. Zoezi hilo linaingia katika dakika ishirini, na bila kukusudia linaandaa sintezi.

Sikio lipewe muda wa barabarani. Katika sehemu ya kusikiliza kuna rekodi moja ndefu, inayosikika mara mbili, na nyingine fupi za mtindo wa redio, zinazosikika mara moja tu. Habari za Radio Okapi ni mazoezi mazuri ya kufuata hoja, ila sauti zake tumezizoea; changanya na mahojiano ya RFI, ambapo watu hukatizana maneno na kumeza silabi. Kuna mtego mmoja unaotuhusu sisi wa Kongo. Tumerithi kwa Wabelgiji « septante » na « nonante ». Mfaransa husema « soixante-dix » na « quatre-vingt-dix ». Tunazijua sote, lakini sikio likingoja « nonante-six » na mtu akasema « quatre-vingt-seize » kwa haraka, sekunde mbili zinapotea, na jibu lifuatalo linapotea nazo. Andika tarakimu kwa imla ukiwa ndani ya basi. Watoto wakubwa wanaweza kukusomea, nao watapata faida yao.

Sintezi

Hapa ndipo wenye Kifaransa kizuri wanaponyang'anywa alama. Mtahiniwa hupewa hati mbili au tatu, jumla yake maneno karibu 1000, atengeneze maandishi mamoja ya maneno 220 hadi 240. Haruhusiwi kutia maoni yake, wala kuongeza habari isiyo katika hati, wala kunakili sentensi nzima. Maneno ya msingi peke yake yanaweza kuchukuliwa yalivyo. Baada ya hapo anaandika insha ya hoja, isiyopungua maneno 250, na humo ndimo maoni yake yanapokaribishwa.

Tuseme hati tatu zinazungumzia simu shuleni. Katika ya kwanza daktari anasema skrini inaharibu usingizi na usikivu. Katika ya pili mkuu wa shule anasimulia kwamba tangu simu zikatazwe, wanafunzi wanasikiliza vizuri zaidi, na wanaongea wao kwa wao wakati wa mapumziko. Katika ya tatu mzazi anasema simu ndiyo njia yake pekee ya kujua kama mtoto amefika salama, na kwamba marufuku haimfundishi mtoto kujitawala.

Kosa la kawaida ni kwenda hati kwa hati: ya kwanza inasema hivi, ya pili vile, ya tatu hivi. Huo ni muhtasari mara tatu. Sintezi inadai uzikalishe hati kwenye baraza moja. Tafuta maswali mawili ambayo zote, au mbili kati ya tatu, zinayajibu. Hapa la kwanza: simu inadhuru masomo? La pili: nani amfundishe mtoto kuitumia, sheria ya shule au malezi? Kisha chora jedwali lenye safu tatu za hati na mistari miwili ya maswali, ujaze kwa maneno mawili matatu. Nafasi nyingine zitabaki tupu, ziache tupu. Ndipo uandike sentensi kama hii: daktari na mkuu wa shule wanakubaliana kwamba simu inapunguza usikivu, mzazi halikani hilo, ila anahamisha swali kwenye usalama wa njiani na malezi. Angalia kazi ya vitenzi: wanakubaliana, halikani, anahamisha. Vitenzi hivyo vya uhusiano ndivyo uti wa sintezi, basi uwe na orodha yako ya Kifaransa, ishirini zinatosha.

Jedwali linaweza kujazwa jikoni huku sombe inachemka. Kuandika kwenyewe kunahitaji meza, lakini mara moja kwa wiki inatosha, kwa saa mkononi. Kuhusu kuhesabu maneno, kanuni ya mtihani ni kwamba neno ni kila kilicho kati ya nafasi mbili: « c'est-à-dire » ni neno moja, « un bon sujet » ni matatu.

Nyumbani

Mtihani wa mtu mwenye familia unafanywa na nyumba nzima, hata kama jina kwenye diploma ni moja. Kabla ya kujiandikisha, kaa na mwenzako mkubaliane mambo yenye saa na siku: nani atapika Jumanne na Alhamisi, nani atapeleka mtoto hospitalini akiumwa, kazi gani ya ziada itaachwa kwa miezi mitatu. Ahadi ya jumla ya kusaidiana hupotea wiki ya pili. Lazima niseme pia kwamba katika nyumba zetu mume akiandaa mtihani, watoto hunyamazishwa. Mke akiuandaa, huamka saa kumi usiku. Wanaosoma makala haya wakiwa waume, waanze kurekebisha hapo.

Ukiwa na wiki 12, panga kama una 9. Kutakuwa na kilio ambacho hutakikwepa, na hakuna mtu atakayekusifu ukikikwepa. Kutakuwa na wiki ya kusahihisha mitihani ya wanafunzi wako, na usiku usio na umeme. Rekodi za kusikiliza ziwe ndani ya simu, na simu ijazwe moto mahali pa kazi kabla ya kurudi.

Kwa sehemu ya kuongea, tumia walio karibu. Mtahiniwa hutoa eksipoze kutokana na hati alizopewa, halafu anajadiliana na jopo. Jumamosi jioni simama mbele ya mwenzako au jirani, eleza mada kwa dakika nane, naye akupinge kwa nguvu hata kama anakubaliana nawe. Mtoto ashike saa. Katika ile saa moja ya kujitayarisha usiandike sentensi kamili, maana utazisoma, na jopo litakukatiza. Andika swali kuu, hoja mbili au tatu, mfano mmoja wa hapa kwetu kwa kila hoja, na sentensi ya kwanza tu kwa ukamilifu, kwa sababu hiyo ndiyo inayotoka wakati mkono unatetemeka.

Siku chache kabla, hakikisha jina kwenye karata yako ya utambulisho linafanana herufi kwa herufi na lile la kwenye barua ya mwaliko. Uliza pia kituo kama sehemu ya kuongea iko siku hiyohiyo au nyingine, ili ujue ni siku ngapi za ruhusa uombe kwa mkuu wa shule, na nani atawapokea watoto wakitoka masomoni.