Vipuri Ghushi vya Magari: Jinsi ya Kuvitambua Mapema

Gari linapoharibika, mara nyingi mwenye gari humpa fundi pesa, naye fundi humtuma kijana dukani. Kipuri hufungwa mwenye gari akiwa kazini, na kasha lake hutupwa. Hivyo ndivyo kipuri ghushi kinavyopita mikononi mwa watu watatu bila yeyote kukikagua.

Aina tatu za vipuri

Kuna vipuri vya kampuni iliyounda gari. Vilevile kuna vya kampuni nyingine, zinazouza kwa majina yao wenyewe. Hivi ni halali, ingawa ubora wake hutofautiana. Aina ya tatu ni vipuri ghushi, vinavyoiga jina na kasha la kampuni nyingine ili kumhadaa mnunuzi. Kwa hiyo bei nafuu pekee si thibitisho kwamba kipuri ni ghushi, wala bei ghali si thibitisho kwamba ni halisi.

Madhara yake

Pedi ya breki hafifu hushindwa kuhimili joto. Dereva anaposhuka mteremko mrefu akikanyaga breki kila mara, gari huchelewa kusimama, na wakati mwingine pedi hubanduka kwenye bamba lake la chuma. Filta duni ya oili huacha uchafu upite na kula vyuma vya injini polepole. Aliyeokoa shilingi mia chache hujikuta akigharimia injini nzima.

Ukaguzi kabla ya kufunga

• Kipuri cha zamani kipelekwe dukani. Kipya kilinganishwe nacho kwa uzito, umbo na namba iliyochapishwa.
• Maandishi ya kasha yasomwe. Herufi zilizokosewa, rangi iliyofifia au namba isiyolingana na ya kipuri ni dalili mbaya.
• Kwa bidhaa zinazotengenezwa nchini, namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS inaweza kuhakikiwa kwa kutuma SM# na namba hiyo kwenda 20023.
• Tairi lisomwe tarehe mbavuni. Tarakimu 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi mpira wake hukakamaa, hata kama halijawahi kutumika.
• Risiti ionyeshe jina la duka, jina la kipuri na namba yake.
• Kasha tupu liraruliwe kabla ya kutupwa. Walaghai hukusanya makasha halisi na kuyajaza vipuri bandia.

Haki ya mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Chini ya Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008, anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya bidhaa hizo, au adhabu zote mbili.

Anayeshuku kipuri asikitupe wala asikirudishe kabla ya kukipiga picha. Akihifadhi pamoja na kasha na risiti, kisha apige ripoti kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi (ACA), KEBS au kituo cha polisi kilicho karibu. Bila risiti, ni vigumu kuonyesha kipuri kilitoka duka gani, na muuzaji huendelea kumuuzia mwingine.