Kila Kitu Mahali Pake
Somo kwa baba na mama wenye watoto wadogo



Jua linapokaribia kutua, utazameni uwanja wa nyumba yenye watoto wadogo. Gari la waya limeachwa njiani. Mpira wa majani ya migomba u karibu na mafiga. Magunzi yaliyovikwa vitambaa yametawanyika mlangoni. Katika nchi yetu giza huingia upesi. Mama atoka jikoni amechukua chungu cha maji ya moto, mguu wake wakanyaga ule waya, maji yamwagika. Na nani yuko karibu naye? Ni yule mtoto mdogo. Basi, kuweka vichezeo si jambo la kudharauliwa.

Wazazi wengi hufuata moja ya njia mbili. Wengine hupiga kelele, hata hutupa vichezeo motoni. Mtoto hujifunza kuogopa, wala hajifunzi kupanga. Wengine hukusanya vyote wenyewe, au humwamuru binti mkubwa avikusanye. Hapo mtoto hujifunza kwamba mikono ya wengine ipo kwa ajili ya kumtumikia. Njia zote mbili zasahau jambo moja: mtoto mdogo mwenyewe apenda mpango.

Jambo hilo lilionekana wazi katika mji wa Roma. Tarehe 6 Januari 1907, daktari mmoja mwanamke wa Italia, jina lake Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Watoto wale walikuwa hawajafikia umri wa kwenda shule. Mwanzoni mwalimu wao ndiye aliyegawa vifaa na kuvirudisha kabatini. Lakini kila alipofanya hivyo, watoto waliacha nafasi zao wakamzunguka. Akiwarudisha, walikuja tena. Montessori akafahamu maana yake: walitaka kuvirudisha wenyewe. Waliporuhusiwa, waliifanya kazi hiyo kwa furaha. Baadaye kabati lenye kufuli likaachwa, yakawekwa makabati mafupi, ili hata mdogo aweze kuchukua na kurudisha.

Nasi tupate mafundisho manne.

Kwanza, mahali. Mtoto hawezi kurudisha kitu kisicho na makao. Mpeni kikapu kikuukuu au sanduku, kikae chini katika pembe moja ya nyumba, wala msikihamishe kila siku.

Pili, wakati. Kazi ifanywe saa ile ile kila jioni, kabla ya kunawa mikono na kula. Mwonyeni mtoto mapema kidogo kwamba mchezo u karibu kwisha. Ninyi nanyi hampendi kuitwa ghafula kazi ikiwa katikati.

Tatu, maneno. Mkimwambia mtoto wa miaka mitatu, “Safisha hapa!”, hajui aanzie wapi. Semeni: “Lete gari. Litie kikapuni. Sasa leta mpira.” Neno moja, kitu kimoja.

Nne, mfano. Anzeni pamoja naye: ninyi mtie kimoja, yeye atie kimoja. Siku kwa siku mpunguze sehemu yenu, mpaka aweze peke yake. Lakini baba aachaye jembe lake njiani, maneno yake hayatakuwa na nguvu.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mtoto akikataa, tufanye nini?
Jibu: Msimpige, wala msimnyime chakula, wala msimfanyie kazi yake yote. Mshikeni mkono kwa upole, mwanze pamoja kitu kimoja. Akizidi kukataa, kichezeo kile kipumzike mpaka kesho, kisha arudishiwe.

Swali: Akiweka vibaya?
Jibu: Msipange upya mbele ya macho yake, asije akadhani kazi yake ni bure. Kesho mwonyesheni tena, polepole.

Swali: Je, kazi hii ni ya wasichana tu?
Jibu: La. Aliyecheza ndiye aweke. Mvulana asiyejifunza kuweka gari lake atamwachia dada yake leo, na kesho atamwachia mke wake.

Swali: Yatuchukua siku ngapi?
Jibu: Msihesabu siku. Mtoto husahau, na kukumbushwa ni haki yake. Aliyekumbushwa kwa utulivu kila jioni hufika siku akaanza mwenyewe, kabla hajaambiwa.

KAZI YA JUMA HILI

Leo jioni chagueni kikapu pamoja na mtoto, naye mwenyewe achague pembe kitakapokaa. Kwa siku saba kiacheni pale pale, na kila jioni mtie vichezeo pamoja naye. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkono uliozoea kurudisha gari la waya mahali pake, kesho utajua kurudisha panga, kitabu, na mali ya jirani iliyoazimwa.