Duara Likitoka Kama Yai: Maswali na Majibu Kuhusu Mashine za CNC

Swali: Nina karakana ya fanicha hapa Sumbawanga. Mashine yangu ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, ikikata duara kwenye ubao, linatoka kama yai. Ninunue mota kubwa?

Jibu: Usinunue kitu bado. Duara likibonyea pale meza inapogeuza mwelekeo, hiyo ni pleyi: nati ya skrubu inayosogeza meza imelika au beringi imelegea, hivyo mota inazunguka na meza bado imesimama. Tafuta geji ya saa, iegemeze kwenye meza. Sogeza meza kidogo mbele, weka geji sifuri, endelea mbele milimita 1, kisha rudisha milimita 1. Mshale ukikataa kufika sifuri, kinachobaki ndicho pleyi.

Programu inaweza kufidia pengo hilo, lakini mimi siipendi njia hiyo. Kisu kikiingia kwenye mninga kitaivuta meza ndani ya pengo lilelile. Kaza nati, badilisha beringi, pima tena.

Mota ikizidiwa utaona kitu kingine kabisa: mchoro wote unahamia upande mmoja, na ukishahama haurudi. Hapo mota ya stepa, inayozunguka hatua kwa hatua, imepoteza hatua. Na mlango wa milimita 1,000 ukitoka 990, wa 500 ukatoka 495, hakuna kilicholegea. Umekosea hesabu.

Swali: Hesabu ipi?

Jibu: Stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Dreva, kifaa kinachoipa mota umeme, ikigawa kila hatua mara 8, unapata 1,600. Skrubu yako ikisogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kila milimita inahitaji mapigo 320 ya umeme. Wengi huweka mgawanyo wa 32 wakitafuta usahihi. Mapigo yanafika 1,280 kwa milimita, na kompyuta inayotoa mapigo 25,000 kwa sekunde inashuka kutoka milimita 78 kwa sekunde hadi chini ya 20. Umeuza kasi, na pleyi iko palepale.

Swali: Kompyuta ya zamani yenye tundu la printa inafaa?

Jibu: Inafaa kuanzia, ukitumia programu huria ya LinuxCNC. Iwe ya mezani; laputopu hujibania umeme na kuchelewesha mapigo, mota ikanguruma na kukwama. Baadaye nunua kadi inayotengeneza mapigo yenyewe.

Swali: Stepa au servo?

Jibu: Kwa milango na vitanda, stepa yenye enkoda, yaani kihisio kinachofuatilia mzunguko wa mota, inatosha. Kabla ya kuinunua, punguza mchapuko, kisha tazama volti. Stepa inayozunguka haraka huishiwa nguvu kwa sababu koili hazipati muda wa kujaa umeme. Kutoka volti 24 kwenda 36, dreva ikiruhusu, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Swali: Mwinuko wa Ufipa una athari?

Jibu: Unayo. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mota nyingi za umeme hukadiriwa kwa kazi hadi mita 1,000. Hewa nyepesi haipozi vizuri. Wahunzi wa Kifipa walijenga malungu, yaani matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, yaliyojivutia hewa bila mivuo. Mota yako inategemea feni ndogo tu, na vumbi la mbao huiziba. Ipulize kila jioni, na usiipe mota ya kisu mzigo wake wote kutwa nzima.